Anime inaingiza matrilioni, mchoraji hana nauli: ilianzia wapi?

Kuna mdogo wangu wa Mbagala kaniandikia, nafupisha: "Shikamoo kaka. Naona anime (katuni za Kijapani) imetapakaa dunia nzima, filamu moja inaingiza mabilioni, ila kila nikisoma habari za wachoraji nakuta wanalia njaa. Kuna wanaosema lawama zote ni za yule mchoraji wa Kijapani Osamu Tezuka, kwamba aliuza katuni yake ya TV, Astro Boy, kwa bei ya kutupa ndo tasnia ikaharibika. Ni kweli? Halafu na mimi nachora, nina ndoto ya kwenda kufanya kazi Japani, unanishauri nini?"

Marahaba mdogo wangu. Nikujibu kwanza halafu ndo tuingie ndani: Tezuka ana mkono wake, tena mkubwa, ila kumbebesha peke yake ni kumwonea, maana aliuza kwa hasara mwaka 1963, akafariki 1989, na toka hapo wamepita mabosi kibao waliokuwa na uwezo wa kubadilisha na hawakubadilisha. Kilichotokea 1963 ni kwamba wenye hela walizoea kitu kimoja, kwamba katuni yenyewe haiuzwi, inayouzwa ni pipi, stika, mdoli, baadaye kaseti na diski, na katuni inakuwa kama tangazo la hivyo vitu. Sasa anayechora tangazo haitwi siku ya kuhesabu mauzo ya pipi. Hapo ndo pa kushika, mengine yote yanatokea hapohapo.

Ila turudi nyuma kidogo, sababu watu wengi wanadhani anime ilianza na Astro Boy. Hapana. Wajapani walianza kutengeneza katuni fupi za sinema mwaka 1917, wale watatu wa mwanzo ni Oten Shimokawa, Junichi Kouchi na Seitaro Kitayama, kila mmoja na njia yake. Kazi zao karibu zote zimepotea, tetemeko kubwa la 1923 lililochoma Tokyo lilichangia sana. Ya Kouchi, ile ya samurai aliyeuziwa upanga butu, ilikuja kuokotwa Osaka kwenye vitu vya zamani miaka tisini baadaye. Miaka ile ya mwanzo wachoraji walikuwa wachache, kila mtu na kachumba kake na wanafunzi wawili watatu, zile karatasi za plastiki za kuchorea, seli, zilikuwa ghali kiasi kwamba wakishapiga picha wanaziosha na kuchorea tena. Fikiria hilo, unachora, inapigwa picha, halafu unaosha mchoro wako mwenyewe.

Mtu wa kwanza mwenye hela nyingi kuingia kwenye hii kazi alikuwa jeshi la majini. Filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya Japani, Momotaro: Umi no Shinpei ya Mitsuyo Seo, ilitoka Aprili 1945 kwa hela za jeshi, propaganda ya vita, vita yenyewe inakaribia kwisha na majumba ya sinema hayana watu. Kijana mmoja wa Osaka aliingia kuitazama akatoka analia kwa uzuri wa michoro, akajiapiza kwamba iko siku na yeye atatengeneza katuni. Huyo kijana ndo Tezuka.

Sasa sikiliza hii sehemu maana huwa inarukwa. Baada ya vita, mwaka 1956, kampuni ya sinema ya Toei ilianzisha studio yake ya katuni, na bosi wao Hiroshi Okawa alitaka wawe Disney wa Mashariki, ndo maneno yao. Wakajenga jengo, wakaajiri vijana na kuwafundisha kazi. Mwaka 1958 wakatoa Hakujaden, filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya rangi Japani, dakika 79 hivi, na michoro ya katikati peke yake, yaani ile ya kuunganisha mkao mmoja na mwingine, ilizidi 65,000. Wale vijana walikuwa waajiriwa. Mshahara haukuwa wa kujivunia na kwa sababu hiyo mwaka 1961 wakaanzisha chama cha wafanyakazi, lakini ulikuwa mshahara, unaingia mwisho wa mwezi umechora michoro mia au umechora kumi. Isao Takahata alipitia pale, Hayao Miyazaki alipitia pale, hao ndo waongozaji waliokuja kuanzisha studio ya Ghibli, na Miyazaki kabla hajawa Miyazaki unayemjua wewe alikuwa katibu wa kile chama. Kwa hiyo mtu akikwambia anime imekuwa kazi ya kibarua toka mwanzo, mwambie siyo kweli, kulikuwa na kipindi cha ajira, na kipindi hicho kiliuawa.

Tuje kwa Tezuka. Miaka ya sitini mwanzoni yeye ndo mfalme wa manga, yaani hadithi za kuchorwa za vitabuni, anaingiza hela kwenye vitabu, lakini roho yake iko kwenye katuni. Toei walimshirikisha kwenye filamu moja ya 1960, akajifunza, akatoka akaanzisha studio yake, Mushi Production. Tarehe 1 Januari 1963 Tetsuwan Atom, yaani Astro Boy, ikaanza Fuji TV, nusu saa kila wiki, mdhamini kampuni ya chokoleti Meiji.

Kila wiki! Chukua kalamu tupige hesabu. Ukitoa matangazo unabaki na dakika kama 25. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha 24. Dakika 25 ni fremu 36,000. Disney mchoro mmoja walikuwa wanaupiga picha mara moja au mara mbili, kwa hiyo unaongelea michoro 18,000 kwenda juu kwa wiki, hakuna studio duniani inaweza. Tezuka akasema tutapiga kila mchoro mara tatu, hapo sekunde inabaki na michoro minane. Bado ni 12,000, bado haiwezekani. Basi wakaanza kubana: mhusika akiongea unaacha kichwa kimesimama unabadilisha mdomo tu, midomo mitatu, uliofungwa, wa nusu na uliofunguka. Atom, yule mhusika mkuu, akiruka angani, ule mruko unauweka kwenye faili unautumia tena wiki ijayo na mwezi ujao. Akishangaa, unasimamisha picha, unaisogeza kamera taratibu kumwendea usoni na muziki unapanda. Wakabana mpaka episodi nzima ikawa na michoro elfu mbili hivi au chini yake. Ndo maana mpaka leo unaona mtu kwenye anime anatoa hotuba ndefu huku nywele tu zinapepea. Watu wanaita ni staili, na imekuwa staili kweli, nzuri mno, mimi naipenda kufa, ila ilizaliwa na shida ya muda na hela.

Na hela yenyewe ndo hapo. Bei inayotajwa kila mahali ni kwamba aliiuza kwa yeni 550,000 kwa episodi. Wapo watafiti wanaosema kulikuwa na nyongeza nzuri tu ilipita chinichini kupitia wakala wa matangazo, lakini hata wao hawakatai kwamba bei ya mezani ilikuwa chini ya gharama. Aliogopa akitaja gharama halisi mdhamini atakimbia, na pia aliona akishusha bei washindani hawatathubutu kumfuata. Hesabu yake ya kufidia ilikuwa ni haki za mhusika, yaani sura ya Atom kwenye bidhaa, na kuuza nje. Na ikajibu! NBC ya Marekani ilichukua episodi 52 kwa dola 10,000 kila moja, enzi hizo dola moja yeni 360, piga mwenyewe uone hiyo ni mara ngapi ya ile 550,000.

Kuhusu bidhaa, nikuoneshe kimoja tu. Meiji walikuwa na chokoleti zao za mviringo za rangirangi, Marble, zinakaa kwenye kopo refu kama bomba. Mwaka huohuo 1963 wakatangaza kwamba mtoto akituma vifuniko vya kopo kwa posta anarudishiwa stika za Atom. Watoto wakachanganyikiwa, bahasha zikamiminika, stika zikabandikwa kwenye madawati, mifuko ya shule, makabati ya mama. Mwaka haujaisha, Glico naye, mwenye pipi, yuko nyuma ya Tetsujin 28, Morinaga naye, mwenye pipi vilevile, yuko nyuma ya Okami Shonen Ken iliyotengenezwa na Toei. Makampuni matatu ya pipi, kila moja na katuni yake, ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo ile hesabu ya Tezuka kwamba washindani wataogopa bei ilikufa palepale, wamekuja wote na wameikuta bei iko chini tayari, na mwenye pipi akikaa mezani anasema mbona mwenzako anatengeneza kwa kiasi kile.

Halafu kuna jambo linalonifanya nimtetee mzee. Mushi Production ya mwanzo ilikuwa inalipa wachoraji vizuri, kuliko Toei, hela anaitoa kwenye manga zake. Yaani ile hasara aliibeba mfukoni kwake hakuwabebesha wachoraji. Tatizo ni kwamba wengine walioiga bei yake hawakuwa na manga za kufidia. Hasara ikatafuta pa kwenda na ikaenda chini, kwa wenye penseli.

Angalia kilichofuata Toei. TV imeleta kazi nyingi kwa bei ndogo, uongozi ukaanza kuacha kuajiri, ukaleta watu wa mkataba wa kulipwa kwa mchoro. Chama kikapigana miaka, mwaka 1972 ikafika mahali kampuni inapunguza watu na kuwafungia mlango nje, na muda si mrefu kazi zikaanza kupelekwa Korea Kusini. Novemba 1973 Mushi Production yenyewe ikafilisika, Tezuka alishatoka kwenye uongozi. Waliotoka pale ndo wakaanzisha studio ya Madhouse, ndo wakaanzisha Sunrise, na dada mmoja aliyewahi kupaka rangi pale, Yoko Hatta, akaja kuanzisha Kyoto Animation mwaka 1981. Huyu mkumbuke, nitamrudia.

Miaka ya sabini pipi zikampisha mdoli. Mazinger Z, 1972, roboti kubwa, ikauza midoli ya chuma kama njugu, na kuanzia hapo mtengeneza midoli ndo akawa na sauti. Gundam ya 1979, nayo ya roboti, ilipangwa episodi 52, midoli ya mdhamini haikutoka, ikakatwa ikaishia 43, na kilichokuja kuifufua ni vile vifaa vya plastiki vya kuunganisha vya Bandai mwaka 1980, show imeshakatwa! Yaani uhai wa hadithi unaamuliwa na rafu za duka la midoli. Na wakati huohuo zile roboti zinasafiri, Grendizer imefika Ufaransa 1978 ikawa homa ya nchi nzima, ikawekewa sauti za Kiarabu, ndugu zetu waliokulia Muscat na Dubai wakiusikia ule wimbo mpaka leo macho yanawalegea. Mchoraji wa Tokyo aliyechora ule mkono unaoruka alishalipwa kwa kipande zamani, bei ileile, na safari yote hiyo haikumwongezea hata yeni moja.

Miaka ya themanini nitaipita haraka: kaseti za video, mnunuzi mtu mzima, hela ya Japani imejaa, ndo tukapata kitu kama filamu ya Akira ya 1988 yenye seli zaidi ya 160,000, kitu ambacho ukikiangalia leo bado unakaa kimya. Akira ilichangiwa na makampuni kadhaa yaliyoungana, na huo muungano ndo unaitwa kamati ya utengenezaji. Baada ya katuni ya TV ya Evangelion, 1995, kuuza kwa fujo, hiyo njia ikaenea karibu kila mahali.

Kamati inafanyaje kazi? Chukulia mchezo wa upatu. Mchapishaji wa manga anaweka fungu, kampuni ya muziki inaweka, kituo cha TV, mtengeneza midoli, wakala wa matangazo, siku hizi na wa kustrimu. Hela inakusanywa, studio inapewa tenda kwa bei ya kufunga, tengeneza episodi 12, hizi hapa hela zako. Ikibuma, wanagawana hasara. Ikilipuka, wanagawana kwa mafungu, na studio kama haikuweka fungu haimo, imeshalipwa. Na studio ndogo itatoa wapi fungu wakati tenda yenyewe haitoshi? Kwa hiyo usiwaone wale wa kamati ni majambazi, kubeba hasara ni jambo la kweli na anime nyingi zinabuma, ila huo mpangilio ni mtoto halali wa ile stika ya chokoleti. Mwaka 2023 soko zima la anime lilihesabiwa yeni trilioni 3.3, na zaidi ya nusu ni nje ya Japani. Utafiti wa chama cha waanimeshaji uliotoka 2015 ulikuta mchoraji wa ngazi ya chini anapata wastani wa kama yeni milioni 1.1 kwa mwaka, ukiishi Tokyo hiyo kodi ya chumba inaimaliza.

Huyo wa ngazi ya chini anaitwa mchoraji wa doga, na mimi nimekaa kwenye hiyo meza, studio ndogo Nerima, hapo Tokyo, nikiwa nasoma kule, kwa hiyo acha nikuoneshe maana wewe ndo kazi unayoitamani. Mchoraji mkuu anachora genga, yaani mikao mikuu, mkono chini, mkono juu. Wewe unachora ya katikati. Karatasi ina matundu matatu juu, la kati duara, ya pembeni marefu, unayachomeka kwenye kibao chenye vichuma vitatu ili karatasi zisicheze, taa inawaka chini ya kioo. Unashika karatasi katikati ya vidole vya mkono wa kushoto unazipepesa, mbele nyuma mbele nyuma, mpaka jicho lione mkono unatembea, kisha unachora. Mstari uwe na unene mmoja na uwe umefungwa, ukiacha tundu kama la sindano, kompyuta ikimwaga rangi ya shati inavuja mpaka shingoni na karatasi inarudi. Kivuli kinachorwa kwa penseli ya rangi. Mhusika mmoja ana mkanda, vifungo, nywele zenye ncha ishirini, na ncha zote ishirini zihame pamoja. Nilimaliza saa nzima na zaidi kwa karatasi moja, na malipo ya karatasi yalikuwa yanacheza kwenye yeni 200, tonge moja la wali la dukani. Mia tano kwa mwezi ndo lengo la mtu mzoefu. Ikirudi kusahihishwa hulipwi mara mbili. Usiku wa manane anapita kijana wa uratibu na gari anakusanya bahasha anazipeleka studio nyingine, nyingine zinapanda ndege kwenda Korea, China, Ufilipino, Vietnam, na asubuhi zinaanza upya. Yule dada aliyekaa kushoto kwangu alikuwa na mkono mzuri kuliko yeyote pale ndani, mstari wake ukiuona unadhani umepigwa na mashine, akaacha mwaka wa pili akaenda kuuza duka la dawa. Mpaka leo naumia.

Ndo nikarudi kwa yule dada wa Kyoto. Kyoto Animation wao waliamua kuajiri, mshahara wa mwezi, kufundisha watu wao wenyewe, na kazi yao unaiona tofauti kwa macho. Lile shambulio la moto la tarehe 18 Julai 2019 liliua watu 36 pale, wengi wao vijana waliolelewa na hiyo studio, na uchungu wa dunia nzima ulikuwa mkubwa hivyo kwa sababu pale mtu alikuwa amekuzwa. Ghibli nao toka mwaka 1989 hivi walihama kwenye kulipa kwa kipande wakaajiri, baada ya filamu ya Kiki kufanya vizuri. Kwa hiyo inawezekana, mdogo wangu, imeshafanyika chini ya TV hizohizo na soko hilohilo.

Sasa safari yako. Usiende kwa kuahidiwa kazi na mtu wa mtandaoni, nenda kwa visa ya masomo au mkataba wa ajira wenye jina lako na kiasi kimeandikwa, maana visa ya kazi yenyewe inataka kipato cha kueleweka na vibarua vya kipande havikufikishi. Kijapani kisome sasa hivi ukiwa hapo hapo Mbagala, karatasi ya maelekezo ya doga imeandikwa kwa mkono na haisomeki hata na wenyewe. Ukifika kwenye usaili uliza swali moja bila aibu: nalipwa kwa mwezi au kwa karatasi? Wakisema kwa karatasi, uliza kama kuna kiwango cha chini cha mwezi hata kama kazi imechelewa kufika, zipo studio zinatoa.

Na ukitaka kupima mkono wako kabla ya kuuza pikipiki, piga picha mkono wako wa kushoto ukiwa umelala mezani, piga mwingine ukiwa umeinuka na vidole vimefunguka, chora hiyo miwili kwa mstari mtupu bila kivuli, kisha chora mitano ya katikati. Shika zote saba vidoleni uzipepese. Kama kidole gumba kinarefuka njiani, anza tena. Nitumie picha ukimaliza, nitakurudishia na masahihisho kwa penseli nyekundu.